Tagi ya Ruta Inaweza Kufunikwa. Yako Je?

Wasee, leo tuongee kuhusu tagi. Si ile ya bei kwa jaketi ya mtumba, na si ile ya kumtagi beshte kwa meme saa saba usiku. Nasema tagi kama alama: neno fupi unalobandika juu ya kitu ili kesho mtu akikitafuta, kitokee. Najua inasikika kama mada ya kulaza mtoto. Nipe dakika kumi tu.

Msimamo wangu ni huu. Kuna wahandisi walikaa chini wakaandika kanuni za kubandika tagi kwa vifaa vya mtandao. Kanuni zao zinampa mwenye kifaa heshima ambayo wewe, mwenye simu, hupewi na kampuni nyingi zinazokubandika tagi kila siku. Na hiyo si sawa.

Twende polepole.

Folda inakudanganya

Tuanze na folda, kwa sababu kila mtu anazijua. Una picha ya cucu wako akicheza kwa harusi ya binamu yako, Murang'a, Desemba. Inakaa folda gani? Familia? Harusi? Murang'a? Desemba? Folda inataka jibu moja. Ukiiweka Harusi, siku cucu atafikisha miaka 80 na shangazi aombe picha zake zote, hiyo haitatokea. Ukiikopi mara nne, simu inajaa, na ukirekebisha moja, zile tatu zinabaki za zamani.

Usijilaumu, si uvivu. Folda imejengwa ikiamini kila kitu kina nyumba moja, na vitu vya maisha havikai hivyo.

Tagi haina hiyo vita. Picha ni moja, inakaa mahali pamoja, lakini imebeba maneno manne: cucu, harusi, muranga, desemba. Ukiuliza "cucu" inakuja. Ukiuliza "harusi" inakuja. Ukiuliza "cucu, lakini isiwe ya harusi" inakaa kando. Hulazimiki kukumbuka uliiweka wapi. Unahitaji tu kujua unatafuta nini.

Shika hiyo, kwa sababu sasa tunaenda mahali ambapo kukosea si kupoteza picha. Ni mtaa mzima kukosa intaneti.

Ndani ya ruta kuna nini

Ingia kwa chumba cha mitambo cha kampuni inayokuuzia intaneti. Utapata ruta. Si ile ndogo ya waifai iko nyuma ya TV kwenu. Nasema ile kubwa inayobeba nyumba maelfu.

Kitambo, fundi wa mtandao alikuwa anaingia kwa ruta moja baada ya nyingine, anaandika amri kwa mkono, na kila mtengenezaji alikuwa na amri zake. Vifaa vikiwa kumi, unavumilia. Vikiwa elfu moja, unahitaji programu ikufanyie hiyo kazi. Lakini programu haibahatishi kama binadamu. Lazima iambiwe kwa mpangilio: hiki kifaa kina vitu gani, kila kitu kinaitwaje, na unaruhusiwa kuandika nini hapo.

Ndio kukaja YANG. Ni lugha ya kuandika modeli za data za vifaa vya mtandao. IETF, lile kundi la wahandisi wanaoandika kanuni za kiufundi za intaneti, liliitoa mwaka wa 2010 kwa hati inayoitwa RFC 6020, kisha toleo la 1.1 likaja 2016 kwa RFC 7950. Modeli huandikwa kwa vipande, na kila kipande kinaitwa moduli. Kuna moduli inaitwa ietf-interfaces: inaeleza milango ya ruta, jina la kila mlango, umewashwa au umezimwa. Kuna ietf-system: jina la kifaa, saa, watu wanaoruhusiwa kuingia. Kuna ietf-hardware: feni, umeme, vipima joto. Ruta moja kubwa inaweza kuja na mamia ya hizi moduli. Zingine ni za IETF, zingine za mtengenezaji, zingine kampuni imejiandikia yenyewe.

Sasa chukua ni wewe fundi. Ni saa nane usiku, mtaa umezima, wateja wanapiga simu wakiwa na hasira. Unataka kuona kila kitu kinachohusu kuelekeza njia, yaani zile taratibu ruta hutumia kuamua data ipite wapi. Moduli zake zinaitwa ietf-rip, ietf-ospf, ietf-isis. Hebu soma hayo majina tena. Kuna mahali umeona neno "njia"? Hakuna. Kama hujasomea hii kazi, huwezi jua hao watatu ni ndugu. Lazima uwe umekariri majina yote, na ikitoka moduli nyingine mwaka ujao, ukariri tena.

Januari 2021 IETF ilitoa RFC 8819, hati inayoeleza venye moduli za YANG zitabandikwa tagi. Moduli za kuelekeza njia zinapata tagi ietf:routing. Zile za kusimamia mfumo, ietf:system-management. Unauliza swali moja tu, "nipe kila moduli yenye ietf:routing", na ndugu wote wanajitokeza, hata yule hukuwa unajua jina lake. Huo mfano wa ietf:routing sijautunga, uko ndani ya hati yenyewe. Na moduli moja inaweza kubeba tagi mbili, tatu, nne bila kuhamishwa popote, kama ile picha ya cucu.

Kitu kimoja kilinifurahisha sana. Wakieleza kwa nini tagi zinafaa, hao wahandisi walitaja hashitagi. Ndio, hizi zetu. Alama ya # ilipendekezwa kwa watumiaji wa Twitter na Chris Messina mnamo Agosti 2007, na hakuwa mfanyakazi wa Twitter. Alikuwa mtumiaji tu, kama mimi na wewe. Zaidi ya miaka 13 baadaye, wazo lake linatajwa kwa hati ya kupanga mitambo ya intaneti. Hiyo hati pia inasema wazi kwamba faida ya tagi kuliko muundo mgumu ni kwamba zinanyumbulika na zinaweza kubadilika teknolojia ikibadilika.

Na kabla uniulize nimetoa wapi haya: RFC ni bure. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ikiwa mlima, na hakuna mtu amewahi kuniuliza cheti nikifungua RFC 8819. Ni hati fupi. Kiingereza chake ni kigumu kiasi, lakini ukirudia mara tatu inaingia.

Vitu vitatu walifanya sawa

Cha kwanza: tagi inasema nani aliiandika. Mbele ya kila tagi kunakuwa na kiambishi. Ikianza na ietf: ujue imetoka kwa IETF na iko kwa daftari rasmi linalotunzwa na IANA, wale watunzaji wa majina na namba za intaneti. Ikianza na vendor: ujue ni mtengenezaji wa kifaa. Ikianza na user: ujue ni mtumiaji, yaani wewe mwenye kuendesha huo mtandao. Ukisoma tagi, hujiulizi "nani alisema hivi?" Jibu liko mwanzo wa neno.

Usidharau hiyo. Mtengenezaji akibandika moduli yake sifa fulani, hiyo ni sauti ya muuzaji. Ni kama muuza matunda kukuambia maembe yake ni matamu. Huenda ni kweli, lakini unajua nani ameongea.

Cha pili: tagi zinasomeka. Zinakaa ndani ya moduli yake, inaitwa ietf-module-tags, na unaiuliza kwa njia ile ile unayouliza mambo mengine ya kifaa. Hakuna orodha ya siri. Mwenye ruta akitaka kujua kila moduli imebandikwa nini, anauliza, anajibiwa.

Cha tatu, na hiki ndicho kilinifanya niandike hii: mwenye kifaa anaweza kufunika tagi. Kwa hati kinaitwa masked-tag. Tuseme moduli imekuja kutoka kiwandani na tagi ambayo kwako haina maana, au inakuchanganyia majibu. Huendi kumbembeleza mtengenezaji. Huvunji moduli. Unaandika tu kwamba tagi hii, kwa hii moduli, kwa hiki kifaa changu, imefunikwa. Kuanzia hapo haihesabiki kama tagi ya hiyo moduli. Na mpango wako wa kuifunika umeandikwa kwa mipangilio, kwa hivyo fundi mwenzako akija kesho anaona kilichofunikwa.

Pia unaongeza zako. Hati inatoa mfano mzuri: programu kadhaa zinasimamia vifaa vile vile, kila moja na kazi yake. Moja inaweza kuweka alama kwa moduli fulani kuonyesha zisitumike kwa sababu bado hazijathibitishwa kwamba zinafanya kazi sawa. Zile programu zingine zikiona hiyo alama, zinakaa mbali. Hakuna mkutano, hakuna barua pepe ishirini. Neno moja limebandikwa mahali linafaa, na kila mtu ana habari.

Kwa hivyo tuko na kanuni tatu: mwandishi anajulikana, tagi inasomeka, tagi inaweza kufunikwa. Ziweke mfukoni.

Sasa tukuangalie wewe

Wewe pia ni kifaa kwa mtandao wa mtu. Kila ukitazama video hadi mwisho, kila ukirudi kuangalia viatu ambavyo hujanunua, kuna mahali mashine inaandika kitu kukuhusu. Umri unaokisiwa. Vitu unavyopenda. Labda kama una pesa. Hizo ni tagi. Na kuna mtu anaziuliza maswali: "nipe vijana wa Nairobi wanaopenda bahati nasibu." Halafu unashangaa kwa nini matangazo ya kubeti yanakufuata hadi kwa video ya kupika chapati.

Pima hizo tagi kwa zile kanuni tatu. Mwandishi anajulikana? Hapana, hujui ni apu yenyewe au ni kampuni iliyouziwa data. Zinasomeka? Baadhi ya mitandao inakuonyesha kaorodha ka "mambo yanayokuvutia" ndani ndani ya mipangilio, lakini hujui kama hiyo ndiyo yote. Zinaweza kufunikwa? Unaweza kubonyeza "sitaki kuona hii", kisha unangoja kama mtu anayeomba mvua.

Kwa mikopo ya simu ndio inauma zaidi. Kuna apu moja, sitaitaja, ilininyima mkopo wa shilingi mia tano. Nikauliza kwa nini. Jibu: "Hujahitimu kwa sasa." Nikauliza tena nimekosa kigezo gani. Jibu lile lile, neno kwa neno. Mahali fulani kwa kompyuta yao kuna alama imekaa juu ya jina langu, na mimi mwenye jina sijawahi kuiona. Ruta ya kampuni ya intaneti ingeulizwa hilo swali, ingejibu.

Najua kuna msee atasema: "Buda, mwenye ruta ni mwenye ruta. Wewe si mwenye apu." Sawa, hiyo ni hoja. Apu si yangu. Lakini taarifa ni kunihusu, na uamuzi unatua kwa maisha yangu. Hata sheria yetu inaelewa hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwaje, kuiona, kupinga isichakatwe, na kutaka iliyo ya uwongo au ya kupotosha irekebishwe au ifutwe. Kifungu cha 35 kinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, pamoja na hii tabia ya kukupanga kwa makundi kulingana na data yako. Kukikwama, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya kupeleka malalamiko. Kwa hivyo sidai kitu kipya. Nadai tagi zetu zijengwe ili hizo haki zitumike, si zikae kwa karatasi.

Mwingine atasema, na huyu ana hoja nzito zaidi: "Kila mtu akiruhusiwa kufunika tagi mbaya, nani atakopesha nani?" Hapa ni lazima tutenganishe vitu viwili. Kuna tagi ya ukweli na kuna tagi ya kukisia. "Alikopa elfu mbili na hajalipa" ni ukweli. Ina tarehe, ina aliyekopesha, inaweza kuthibitishwa. Hiyo sitaki kufunika, nataka kiambishi chake kionekane ili nijue nikalipe wapi. Lakini "huyu anafanana na watu ambao hawalipi" ni kukisia. Pengine imetokana na aina ya simu yangu, au saa ninazopiga simu, sijui. Hiyo ndiyo nataka niweze kuiona na kuipinga. Wahandisi wa ruta walijua hata tagi ya kiwandani inaweza isifae mahali fulani, wakaacha nafasi ya mwenye kifaa kusema hivyo. Sisi tunaambiwa mashine imesema, basi.

Kwa mtaa wetu nina tagi yangu: "yule aliacha chuo." Siipingi, ni kweli. Lakini naangalia nani ameiandika na anaitumia kujibu swali gani. Ukiuliza "nani mtaani aliacha chuo", nipo. Ukiuliza "nani anaweza kuhariri video ya ndoa kabla ya Jumapili", nipo pia. Mtu mwenye folda moja kichwani ananiweka kwa "waliofeli" na hapati hilo jibu la pili. Hasara ni yake, na pia yangu, kwa sababu hiyo ni kazi nimekosa.

Tagi ya uwongo inaua swali

Sasa tusijifanye malaika. Sisi wenyewe tunaharibu tagi kila siku.

Juni 2024, #RejectFinanceBill2024 ilikusanya sauti za watu ambao hawakuwa wanajuana. Hakuna mtu alikuwa na folda ya hao watu. Ilikuwa neno moja tu, na ukiuliza hilo neno unaona nchi inasema nini. Lakini si unajua venye huwa? Hashitagi yoyote ikishika moto, anaingia msee wa kuuza viatu. Anaingia wa pafyumu. Anaingia wa "nitumie ujumbe nikufunze kutengeneza pesa." Wote wamebandika hashitagi ambayo haiwahusu. Mtu aliyekuja kutafuta habari ya maana anapitia viatu arobaini kabla afike.

Kila tagi ya uwongo inafanya swali la mtu mwingine lipate majibu mabaya. Fundi akibandika ietf:routing kwa moduli ya feni kwa sababu anaona inapendeza, yule mwenzake wa saa nane usiku atapoteza muda kusoma habari za feni mtaa ukiwa giza. Kwa hivyo kabla ubandike, jiulize: kuna mtu atauliza hili neno, na akinipata atafurahi ama atatukana? Kama ni kutukana, toa.

Shida ya pili ni fujo. Tagi za kujiandikia bila mpango zinazaana. Leo umeandika "muhimu", kesho "Muhimu", keshokutwa "muhimu-sana". Kwako ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni vitu vitatu. Wapenzi wa folda hupenda kunikumbusha hii, na wako sawa. Lakini dawa si kurudi kwa folda. Dawa ndio hiyo RFC ilifanya: maneno tunayoshirikiana yaandikwe kwa daftari moja linalojulikana, na maneno yako ya nyumbani yawe huru lakini yawe na kiambishi chako. Uhuru na utaratibu vinakaa pamoja, bora kila kimoja kijue mahali pake.

Ujaribu wewe mwenyewe

Huhitaji ruta. Mimi hufanya hivi kwa klipu zangu. Nina viambishi vitatu tu. Kuna mimi: ya maoni yangu, mfano mimi:inachekesha. Kuna mteja: ya mambo aliyosema mteja, mfano mteja:imekubaliwa. Na kuna haki: ambayo ndiyo kali kuliko zote. Klipu yenye sura ya mtu ambaye hajakubali kuonekana inapata haki:usitumie. Beshte yangu anayenisaidia kuhariri akiona hiyo, hagusi, hata kama mimi nimelala. Ni ule mfano wa moduli ambazo hazijathibitishwa, nimeuleta kwa klipu.

Daftari langu la tagi ni ukurasa mmoja. Kila neno lina mstari mmoja wa kueleza linamaanisha nini. Neno likikaa miezi mitatu bila mtu kuliuliza, linatoka.

Na wale wenu mnasomea mambo ya data, hii ni kazi halisi mtaikuta ofisini. Kuna programu inaitwa dbt, watu huitumia kupanga modeli za data ndani ya hifadhidata. Unaweza kubandika modeli zako tagi, mfano kila_siku, kisha unaandika dbt run --select tag:kila_siku na zile za kila siku pekee ndizo zinaendeshwa. Ukitaka kuacha zingine nje, unatumia --exclude. Ukiwa na modeli mia tatu, hiyo ndiyo tofauti ya kulala mapema na kukesha. Lakini mtu akibandika kila_siku kwa modeli nzito ambayo bosi huangalia mara moja kwa mwezi, kampuni inalipa kompyuta kila siku bure. Tagi ni neno dogo, na kuna mtu analipia.

Kwa hivyo, ombi langu kwenu ni hili.

Kama unajenga apu, hata ile ndogo ya mradi wa shule, usibandike watumiaji wako tagi ambazo hawawezi kuziona. Weka kiambishi. Tenganisha anachosema mtumiaji, kinachothibitishwa na hati, na kinachokisiwa na mashine yako. Mpe nafasi ya kufunika kile cha kukisia. Kama mitambo isiyo na hisia inatengenezewa utaratibu huo, mama mboga anayeomba mkopo wa kuongeza stoki anaustahili pia.

Kama hujengi chochote, uliza. Chagua apu moja wiki hii, iandikie, na useme: nataka kuona data mliyo nayo kunihusu na makundi mmeniweka. Taja Sheria ya 2019, kifungu cha 26. Wakikujibu, soma kila tagi na uulize nani aliiandika. Wasipokujibu, sasa una kitu cha kupeleka kwa Kamishna.

Mimi ile apu ya mia tano nimeshaiandikia. Nangoja.